Samaki wa Baba Wananenepa

Samaki wa Baba walikuwa wananenepa. Hilo peke yake lilipaswa kunitosha, mimi ninayejiita fundi, mimi ninayeingia kwenye nyumba za watu na kuwaonyesha kwa kidole kilicholowa kosa lao liko wapi. Samaki wananenepa, mwani unaota, na mwenye tangi anakonda kama ng'onda. Mambo matatu, yote mbele ya macho yangu, kila Jumatano kwa wiki kumi na tano. Niliyatazama yote matatu, kisha nikaenda kununua taa mpya.

Tangi lenyewe liko sebuleni kwa Baba, limeegemea ukuta unaotazamana na dirisha, na urefu wake ni wa kitanda cha mtu mmoja. Ndani mna maji ya chumvi, mawe, samaki saba, na matumbawe hai ambayo Baba ameyalea kwa miaka kumi na tisa, tangu yalipokuwa vipande vya ukubwa wa kifungo cha shati. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi jingine dogo lenye pampu na mashine ya povu, ile inayokoroga maji na hewa mpaka uchafu unapanda juu na kumwagikia kwenye kikombe. Mlio wa pampu hiyo ndio mlio wa nyumba yetu. Ukisimama jikoni unausikia, ukilala unausikia, na ukikaa sana husikii tena kama unausikia.

Baba alikuwa fundi wa matangi kabla yangu. Alitunza ya mahoteli, ya ofisi, ya zahanati za meno ambako wagonjwa huwekewa samaki wawatazame ili wasiifikirie sindano. Nilipomaliza shule alinipa ndoo, na yote ninayoyajua niliyajulia kwenye ndoo ile. Siku nilipopata mteja wangu wa kwanza aliacha kuniita kwa jina. Tangu hapo mimi ni Fundi, hata tukiwa mezani.

Jambo alilonisisitizia kuliko yote ni kwamba nisimuulize mwenye tangi anawalisha nini samaki wake. Atakudanganya, alisema, na wala hatakuwa na nia mbaya. Pima maji, andika tarehe, andika ulichokiona. Kwa hiyo kila tangi ninalolitunza lina daftari lake, na la Baba pia, lenye jalada la bluu lililokakamaa kwa chumvi; yote hukaa kwenye begi langu la kazi.

Baba anaishi na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka yuko mgodini, hurudi kila baada ya miezi miwili, analala siku tatu kisha anaondoka. Mama alitutoka miaka sita iliyopita. Kwa hiyo ni wifi anayempikia Baba, anayemfulia, anayejua soksi zake ziko wapi. Na mimi niseme ukweli: nilikuwa simpendi sana. Hakunikosea lolote. Ni kwamba yeye alikuwa karibu na Baba kila siku na mimi Jumatano tu, na wivu ukikosa pa kukaa hutafuta kisingizio. Mimi nilikipata kwenye mwani.

Ilikuwa Jumatano ya tarehe tisa, mwezi wa tatu. Nilipima maji kama kawaida na fosfeti ikaja mara mbili ya ile ya wiki iliyotangulia. Fosfeti ndiyo chakula cha mwani, na ndani ya tangi hutoka mahali pamoja tu mara nyingi: chakula kilichozidi. Kwenye jiwe la kushoto palikuwa na unyoya wa kijani wa urefu wa ukucha. Nikaenda jikoni na daftari mkononi. Nilimwambia wifi kwamba samaki wa bahari hawalishwi kama kuku, kwamba huku si kumpenda Baba bali ni kumuulia matumbawe yake. Aliniambia hajawahi kugusa chakula cha samaki. Nilimjibu kwamba maji yamesema vingine. Alinyamaza, akaendelea kumenya viazi, nami nikauchukua ukimya ule kuwa ni kukiri kosa.

Baada ya wiki mbili mwani ulikuwa umeshika mawe yote ya mbele. Niliung'oa kwa vidole na mswaki, nikatoa ndoo nzima. Nilibadilisha vichujio vya maji tunayoongezea, maana maji ya bomba nayo huweza kuleta balaa. Nilipima maji ya kichujio, yakawa safi kabisa. Jumatano iliyofuata nywele za kijani zilikuwa zimerudi palepale, zinapepea, zinanicheka.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Baba anakonda.

Wifi ndiye aliyeliona kwanza, kwenye mkanda. Baba alikuwa ametoboa tundu jipya kwa msumari, kisha tundu la pili. Tukamwuliza. Alituambia kwamba ni mawazo. Miaka kumi na tisa ya kazi yake inafunikwa na uchafu mbele ya macho yake, alisema, tulitaka anenepe? Tukasema twende hospitali. Akacheka kwa sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza, akasema, "Niende nikamwambie daktari nini? Kwamba tangi langu linaumwa?"

Tulimwamini. Nikitazama nyuma nashindwa kuelewa tulimwaminije, lakini tulikuwa na ushahidi. Baba alikuwa anakula. Wifi aliniapia kwamba sahani inarudi tupu kila mchana na kila jioni, imepanguswa, na kwamba tangu alipoanza kuomba ale peke yake pale mbele ya tangi, hamu yake ya chakula imezidi. Aliisema habari hiyo huku kidevu kimeinuka. Mtu anayekula hivyo na bado anakonda, analiwa na kitu rohoni. Ndivyo tulivyoamua, watu wazima wawili, jikoni.

Basi nikajiapiza. Tangi likipona, Baba atapona. Sikuwa na shaka hata kidogo, na kwa sababu sikuwa na shaka nilifanya kazi pale kuliko nilivyowahi kufanya kwa mteja yeyote. Nilianza kwenda na chakula changu cha mchana nikakila nimepiga magoti sakafuni.

Baba alikuwa ananisaidia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alikaa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akaniongoza kama zamani. "Ni taa, Fundi," aliniambia mwezi wa nne. "Imezeeka. Taa ikizeeka mwanga wake hubadilika, mwani unaupenda." Ni kweli, taa huzeeka, na ile ilikuwa na miaka yake. Nilinunua mpya, nikapunguza saa za mwanga zikawa sita. Mwani haukujali. Mwezi wa tano akasema tulifunike tangi kwa siku tatu, giza kabisa. Tulilifunika kwa blanketi la kaka. Siku ya nne tulipofunua, mawe yalikuwa meupe, yamepumzika, na mimi nilikaribia kulia kwa furaha. Wiki moja baadaye nilikuwa nimekalia ndoo, nimeshika tama.

Nilileta konokono thelathini. Walikula, wakachoka. Nilileta kamba wawili wasafishaji wenye masharubu marefu kuliko miili yao. Walinenepa. Kila kitu mle ndani kilinenepa, samaki mmoja wa njano akawa na tumbo ambalo sijawahi kuliona kwa samaki wa aina yake, na fosfeti ilipanda kila Jumatano kama mtu anayepanda ngazi bila haraka.

Nikarudi kwa wifi. Safari hii sikusema mengi. Nilikwenda na kufuli, nikalifunga kabati la chakula cha samaki, ufunguo nikautia kwenye mnyororo wangu, na nikamwambia Baba mbele yake kwamba kuanzia leo samaki watalishwa na mashine, punje zimehesabiwa.  Wifi alisema jambo ambalo nililisikia lakini sikulisikiliza. Alisema, "Wifi, mimi nikiwa na chakula cha ziada nitampa Baba, si samaki."

Baada ya kufuli, mwani ulizidi.

Ungedhani mtu mwenye akili angesimama hapo. Chakula kimefungwa, samaki wananenepa, kwa hiyo kuna chakula kingine. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini mimi nilikuwa nimeshamtia wifi hatiani, na nilichojiuliza ni ametengeneza ufunguo wapi. Mwezi wa sita ulipoanza, kikombe cha mashine ya povu kilianza kunuka maziwa yaliyochacha. Niliandika: "Harufu ya maziwa. Labda konokono amefia chini ya jiwe." Nilimtafuta konokono huyo saa mbili nzima. Baba alinitazama muda wote huo. Mwishowe akaniambia mashine ya povu ni ndogo kwa tangi lile, nilete kubwa zaidi, itavuta uchafu wote kabla haujaharibu maji.

Nikaleta kubwa zaidi. Nilijivunia mashine ile. Ilivuta kila kitu.

Ijumaa ya tarehe ishirini na nne nilikuwa nimemaliza kazi kwenye zahanati ya jirani mapema. Siendi kwa Baba Ijumaa. Siku yangu ni Jumatano, nyumba nzima inajua, hata paka wa jirani anajua. Na ndiyo maana nilikwenda. Nilitaka kumkamata wifi mkono ukiwa ndani ya maji.

Nilipita mlango wa jikoni saa saba mchana. Jikoni hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, bado inatoa mvuke, mwiko umelazwa juu ya kifuniko. Nilikuwa nimeweka begi langu chini nilipohisi kitu kimepungua, na ilinichukua muda kujua ni nini. Pampu ilikuwa imenyamaza.

Mtu anayejua kazi huzima pampu anapolisha, ili chakula kisivutwe chini kabla samaki hawajakila. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nikasema kimoyomoyo, leo nimekupata, wifi. Nikavua viatu, nikapita ukumbini kwa ncha za vidole, nikasimama kwenye mlango wa sebule uliokuwa wazi nusu.

Kupitia dirisha la sebule nilimwona wifi. Alikuwa uani, anaanika mashuka, vibanio mdomoni.

Aliyesimama kwenye tangi alikuwa Baba. Alikuwa ameinua kifuniko cha kioo akakiegemeza ukutani, taratibu, kama mtu anayeheshimu kioo. Mkono wa kushoto ameshika sahani. Viazi vilivyopondwa, mayai, nyama iliyosagwa laini kabisa. Mkono wa kulia ameshika kijiko, naye alikuwa anachota kidogo, anakizamisha chini ya uso wa maji, anakitikisa, anasubiri. Samaki walikuwa wamejipanga. Hawakugombana. Walikuwa wameshazoea. Alipomaliza nyama alitumbukiza viazi kwenye glasi ya maziwa, akakoroga, akamimina nyuma ya mawe, mahali ambapo maji huelekea moja kwa moja kwenye mashine ya povu. Mashine yangu. Ile aliyoniambia niilete.

 Nilitaka kusema "Baba", neno la kwanza nililojifunza duniani, na halikuja.

Kijiko kimoja cha viazi alikibakiza. Alirudi nacho mezani, akaketi, akajiweka sawa kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. Akakitia mdomoni. Alifumba macho. Shingo ilinyooka, kidevu kikapanda juu, mishipa ikatokeza, mkono ukashika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikamwona anameza. Nikamwona anameza tena, kitu kilekile. Machozi yalimtoka pembeni ya macho, si ya kulia, ni yale ya nguvu. Kisha aliinama kwenye leso, na viazi vikarudi.

Alikunja leso mara nne akaitia mfukoni. Alipangusa sahani kwa kipande cha karatasi. Aliinuka, akafunika tangi, akainama kabatini akawasha pampu, na nyumba ikaanza kulia tena mlio wake. Akarudi kwenye kiti, akapangusa mdomo kwa leso nyingine, safi, na akaita kuelekea dirishani kwa ile sauti iliyokwaruza:

"Mkwe! Nimeshiba, mwanangu!"

Uani wifi alitoa vibanio mdomoni. "Ahsante, Baba!" alijibu, na furaha iliyokuwa kwenye sauti yake sitaisahau.

Ndipo Baba alipogeuka akaniona. Tulitazamana. Sijui uso wangu ulikuwaje. Wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa bafuni.

"Leo si Jumatano," alisema.

Nikasema, "Umekula, Baba?"

"Nimekula."

Nyuma yake samaki wa njano alikuwa bado anatafuna.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nilimshika kifundo cha mkono, na kidole changu cha kati kilikutana na gumba kikapita. Huu ndio mkono ulioinua ndoo za lita ishirini, mbili mbili, mpaka ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimekuja kila Jumatano nikapima chumvi, nikapima joto, nikapima fosfeti. Mkono wa baba yangu sikuupima. Nilimwuliza tangu lini. Alisema si muda mrefu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, na hapo akaangalia tangi badala ya kuniangalia mimi.

"Mama yako aliingia hospitali kwa miguu yake," alisema. "Alisema anaumwa tumbo tu. Unakumbuka alivyotoka."

Nakumbuka. Alitoka akiwa amefunikwa.

Kisha akaniomba jambo. Nisimwambie wifi. Anaamka alfajiri kumpikia, alisema, ananunua nyama nzuri, anaiponda mwenyewe kwa sababu yeye Baba aliwahi kumwambia meno yanamsumbua. Akijua chakula chake kimekwenda wapi, moyo wake utavunjika. Alisema hivyo Baba, mtu mwenye mifupa ya mabega inayochungulia kwenye shati, anayeona haya kumvunja moyo mpishi.

Nilishikwa na hasira ambayo sikuwa nimeitegemea. Nilimwambia amenizungusha kama mtoto. Taa, blanketi, mashine ya povu, kila nilipokaribia alinionyesha upande mwingine, na mimi nikafuata kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kufuata. Hakubisha. Alisema hakudhani ningeendelea kupima kila wiki namna ile. Alidhani ningechoka.

"Ulinifundisha wewe," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Nilijuta."

Wifi aliingia kuchukua sahani. Alinikuta nimepiga magoti, ameshika kapu la nguo tupu, tabasamu bado limo usoni. Aliuliza kuna nini. Baba akanitazama kwa macho ya kunisihi. Nikamwambia. Sikuchagua maneno, niliyatoa kama yalivyokuja: hamezi, chakula anawapa samaki, mwani ni chakula chako, tangu mwanzo ni chakula chako.

Hakupiga kelele. Alikalia kapu, likabonyea, akalikalia vivyo hivyo. Alitazama sahani iliyopanguswa, akatazama samaki mmoja mmoja, wote saba, wazima, wanang'aa. Kisha akasema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba baba mkwe wangu anamaliza sahani."

Kisha alinigeukia. Nilingoja anitukane, na ningepokea. Hakutukana. Alisema tu, "Wifi, ulinifungia kabati."

Nilichomoa ufunguo wa kabati kwenye mnyororo wangu, nikauweka mezani.

Baba alijaribu kutuahirisha mpaka Jumatatu. Wifi ndiye aliyekataa. Alikwenda chumbani kwa Baba bila kuomba ruhusa, akarudi na viatu, akainama akamvisha, akafunga kamba. Baba alinitazama mimi, fundi wake, anitetee. Nikachukua begi langu la kazi, kwa sababu ufunguo wa gari ulikuwa mle, nikafungua mlango.

Kule hospitali walimpeleka ndani, wakamshusha kamera kooni, sisi tukingoja kwenye benchi la plastiki.  Mwani ulikuwa umekauka chini ya kucha zangu, nikawa naukwangua. Tulipoitwa, Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amevaa shati lake, anaonekana mdogo. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu mwenye miwani aliyoipandisha kichwani. Hakuzunguka. Alisema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, umeziba sehemu kubwa, amechukua kipande cha kupima. Alisema kabla ya majibu hatasema zaidi ya hapo, ila anahitaji kujua jambo moja vizuri, kwa sababu kitu kinachoziba kwa wiki na kinachoziba kwa miezi havitibiwi sawa.

"Mzee, chakula kilianza kukwama lini?"

"Wiki mbili," alisema Baba. "Tatu, labda."

Alisema bila kupepesa. Usimuulize mwenye tangi. Atakudanganya, na hatakuwa na nia mbaya.

Mkono wangu uliingia kwenye begi kabla sijauamuru. Nilitoa daftari la bluu. Kurasa zake zilikwaruzana kwa chumvi, na chembe zikamwagikia meza ya daktari. Nilimwambia mimi ni fundi wa matangi ya samaki. Nilimwambia baba yangu amekuwa akiwapa samaki chakula chake, na chakula kikizidi ndani ya maji huonekana, na mimi huyapima maji yale kila Jumatano. Daktari alishusha miwani machoni. Nadhani alidhani nimechanganyikiwa. Kisha akavuta kiti.

"Nisomee," alisema.

Nilianza kurasa za mwisho kurudi mwanzo. Mwezi wa sita, harufu ya maziwa. Daktari akasema, hapo ameanza kushindwa hata vitu laini, akaandika. Mwezi wa tano, kamba wamenenepa. Mwezi wa nne. Mwezi wa tatu. Nikafungua ukurasa ambao kabla yake yote yalikuwa sawa, namba zimelala bapa miezi na miezi, na hapa zimeruka.

"Tarehe tisa, mwezi wa tatu," nilisema. "Wiki kumi na tano."

"Una hakika?"

"Nilipima mara mbili."

"Kuna kingine umeandika siku hiyo? Chochote."

Nilikisoma kabla ya kukifikiria. Ulikuwa mwandiko wangu, wa herufi kubwa, uliokandamizwa mpaka karatasi imeacha alama upande wa pili. "Wifi analisha samaki kupita kiasi. Nimemkanya."

 Sikuthubutu kugeuza shingo. Kisha nikasikia sauti ya wifi kutoka nyuma yangu, ya chini, haikuwa ikinisema mimi, ilikuwa inamjibu daktari.

"Siku moja kabla yake nilipika nyama ya kukaanga," alisema. "Vipande vikubwa, anavyovipenda. Sahani ilirudi tupu nikafurahi."

"Nyama ngumu ndiyo hukwama kwanza," alisema daktari.

Baba alikuwa ameinama muda wote huo. Sasa aliinua kichwa akaniangalia, na nikauona uso ule aliokuwa nao zamani, akisimama juu yangu na ndoo, mimi nikiwa nimetaja jibu sahihi.

"Uliiona siku ya kwanza kabisa, Fundi," alisema.

Daktari aliomba nimsogezee daftari. Alinakili tarehe ile kwenye faili la Baba.